Mlango wa Moyo wa Mina

Mtaani kwetu Bagamoyo watu husema mimi ndiye niliyempa Mina moyo mpya. Husema kwa nia njema, wakinipita barazani ninaposhona kofia, nami huwaitikia kwa kichwa kwa kuwa mdomoni nina uzi. Lau wangejua! Sikumpa Mina moyo. Nilimchagulia mlango wa moyo kama mtu anayemchagulia mwenzake kanga dukani, kisha nikajisifia rangi niliyoipenda mwenyewe.

Mina ni mtoto wa mdogo wangu Zaina. Mimi ni mama yake mkubwa, na zaidi ya hapo ni somo wake. Alipovunja ungo ni mimi niliyekaa naye ndani, nikamfunda kila anachofundwa mwari: kujisafisha, kupika, kupokea wageni, kukaa na mume. Na nilimfunda kunyamaza. Nilimwambia: mambo ya mwili wako yakizungumzwa mbele ya wakubwa, anayesema ni somo wako, wewe tazama chini. Nimefunda wanawari wengi katika mji huu, na wengi wao sasa wananijibu kwa ukali wakinikuta sokoni. Mina hakusahau hata neno moja. Hiyo ndiyo balaa yenyewe.

Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na koo, halafu magoti yakavimba, yalipotulia magoti vikavimba viwiko. Tulimsugua mafuta, tukamwandikia kombe la aya za Kurani akanywa, uvimbe ukaondoka, tukamshukuru Mungu na kusahau. Kumbe homa ile ilipotoka kwenye viungo ilikwenda kukaa moyoni. Alipofika miaka kumi na minane hakuweza kwenda kisimani na kurudi bila kupumzika njiani mara mbili. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Majirani walisema ni jini, wengine wakasema mtoto mvivu. Zahanati wakasikiliza kifua chake, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Huo ulikuwa mwaka wa 1972.

Tulipokewa na Daktari Msabaha. Alikuwa mtoto wa Pangani, amerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, kijana mwembamba mwenye miwani, na aliponiona alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za Bagamoyo?"

Moyo wangu ukatulia hapo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Mzungu wa kunifokea. Huyu alikuwa wa kwetu, anajua mtu mzima anaamkiwaje, na alimwamkia Zaina vilevile kabla ya kumgusa Mina.

Alimpima kwa muda mrefu. Siku nyingine akampiga picha za kifua, wiki iliyofuata akatuita watatu, mimi, Zaina na Mina, akatuketisha mbele ya meza yake.

"Mina ana ugonjwa wa mlango wa moyo," alisema. "Ndani ya moyo kuna milango. Huu wa kushoto una mbawa mbili, kama milango ya nyumba zenu za zamani kule Bagamoyo. Damu ikishapita, mbawa zinatakiwa zikutane katikati na kufunga. Za Mina, ile homa ya utotoni imezila. Hazikutani. Kila moyo unapopiga, sehemu kubwa ya damu inarudi ilikotoka, na mapafu yanajaa maji."

"Kwa hiyo unavuja," nilisema.

"Unavuja, mama. Na dawa za kunywa zimefika mwisho wake. Inabidi apasuliwe, na upasuaji huo haufanyiki hapa. Serikali imekubali kumpeleka Ulaya. Lakini njia za kuutengeneza mlango ni zaidi ya moja, na mpasuaji wa kule ananiuliza mgonjwa anataka ipi. Ndiyo maana nimewaita."

Akachukua karatasi akachora. Mimi michoro hainiingii. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa kofia niliyokuwa naishona safarini, ambayo ukuta wake ulikuwa bado laini haujatiwa kitu, nikaiweka mezani.

"Nionyeshe hapa," nilisema.

Alicheka, akaishika ile kofia, akaitanua mdomo kwa vidole viwili. "Mlango wa Mina umetanuka hivi. Njia ya kwanza, mpasuaji anapitisha uzi kuzunguka ukingo huu, anaukaza, mdomo unakuwa mdogo, mbawa zinakutana."

Nilichukua sindano, nikazungusha uzi kwenye ukingo wa kofia, nikavuta. Ukingo ukajikunja ukawa mdogo. "Hivi?"

"Hivi hasa."

"Basi utalegea. Uzi mtupu hukata kitambaa, mwanangu. Kila kofia ikivaliwa na kuvuliwa uzi unakula kidogo. Mwaka wa pili kichwa kinaingia na sikio."

Daktari Msabaha alinitazama juu ya miwani. "Ndivyo inavyowatokea baadhi ya wagonjwa," alisema. "Wengine wanakaa nao miaka. Hatujui kwa nini."

"Na njia ya pili?"

"Ya pili ni ngeni, haina miaka mingi. Badala ya uzi mtupu, wanashona pete kwenye ukingo. Pete ngumu iliyovishwa kitambaa. Ukingo unashika umbo la pete, hautanuki tena, na mbawa zinabaki zilezile alizozaliwa nazo."

Nikapiga meza kwa kiganja. Wallahi nilipiga meza, mbele ya daktari! Nikamweleza kwamba hata kofia haikai kichwani mpaka uutie ukuta wake kitu cha kuushikilia, na kwamba huyo aliyewaza pete bila shaka mama yake alikuwa mshonaji.

"Mama, wewe ungekuwa daktari," alisema.

Sifa ile ilinilevya. Mpaka leo nikiikumbuka naona aibu, maana tangu wakati ule sikuwa namsikiliza kwa ajili ya Mina. Nilikuwa nasikiliza kama fundi aliyeitwa kutoa hukumu juu ya kazi ya fundi mwenziwe.

Njia ya tatu aliitoa kwenye droo. Ilikuwa kitu kidogo, kinakaa kwenye kiganja: kizimba cha chuma juu ya duara la kitambaa, na ndani ya kizimba mna kitu cha mviringo kama gololi. Alisema huo ni mlango mzima wa bandia. Wanaukata mlango wa mgonjwa wanautupa, wanashona huu mahali pake. Damu ikisukuma, gololi inapanda na kupisha. Damu ikitaka kurudi, gololi inashuka na kuziba.

"Huu haulegei," alisema. "Homa ikirudi haiwezi kuula. Lakini damu haipendi chuma, huganda juu yake. Kwa hiyo atakunywa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi kila siku ya maisha yake, na kila mara apimwe, maana vikizidi atatoka damu, vikipungua damu itaganda na kumpanda kichwani. Na asizae. Vidonge vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na yeye mwenyewe anaweza kufa." Akakigonga kizimba kwa ukucha. "Halafu unasikika. Chumba kikiwa kimya, mtu aliye karibu naye anausikia. Tak, tak, tak."

Zaina alishika shavu. Mimi nilikiona chumba cha harusi, kitanda cha besera, bwana harusi amelala ubavuni mwa mkewe anasikia chuma kinagonga kifuani mwake. Niseme ukweli, sikuwaza damu wala vidonge. Niliwaza hicho tu, na hapo ndipo nilipokwisha amua.

Wakati huo Mina alikuwa amenyoosha mkono akakichukua kile kizimba. Alikitikisa taratibu karibu na sikio lake. Alikigeuza chini juu, gololi ikashuka ikapanda. Hakukirudisha mezani, alikifumbata kwenye kiganja na kuuweka mkono mapajani, huku anatazama chini kama nilivyomfunda.

Daktari aliendelea. "Ukiniuliza mimi, pete na chuma vyote vina haki yake. Kwa pete atakuwa mtu wa kawaida, hana vidonge vya damu, anaweza kuzaa. Lakini ana masharti mawili. Achomwe sindano ya kuzuia ile homa kila mwezi bila kukosa, kwa sababu homa ikirudi itazila mbawa zilezile. Na mimba zihesabiwe. Mmoja. Wa pili, tumpime kwanza turuhusu. Zaidi ya hapo pete itabaki mahali pake na mbawa zitachanika pembeni mwake." Kisha akamgeukia. "Mina, moyo ni wako. Unataka ipi?"

Mina alinyamaza.

"Usiogope. Sema tu."

 Niliona kidole gumba chake kinapita juu ya kile kizimba, kwenda na kurudi. Nilikiona kwa macho yangu, nisije nikasema siku ya kiama kwamba sikukiona. Nikainama, nikakifumbua kiganja chake, nikakitoa kile chuma na kukirudisha mezani.

"Pete," nilisema.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Na amejibu. Sheikh anapomuuliza mwari siku ya nikaha, akinyamaza si amekubali? Au Pangani siku hizi wanawari wanajibu kwa sauti?"

Daktari Msabaha aliinamisha kichwa akatabasamu. Mzungu angenifukuza chumbani. Angesema msichana ana miaka kumi na minane na ana mdomo wake. Lakini huyu alilelewa kama sisi, dada zake waliozwa kwa kimya kama hicho, akakielewa kama nilivyokielewa mimi. Alichukua kalamu akaandika. Mina alisoma mpaka darasa la saba, aliandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, chini ya neno nililolisema mimi.

Akaenda Ulaya, akakaa miezi miwili na nusu, akarudi. Alikuwa na kovu refu katikati ya kifua na mashavu yamejaa. Siku ya kwanza alipanda ngazi za nyumba ya jirani yetu mpaka darini, akashuka, akapanda tena, anacheka peke yake. Zaina alilia. Mimi nilizunguka mtaa mzima nikiwaeleza watu habari za pete, nikiwa na kofia mkononi ya kuonyeshea.

Daktari Msabaha alimpima akaridhika. Tulipokuwa tunaaga aliniita pembeni akanipa bahasha. "Mama, najua ataposwa. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili. Mpe atakayemwoa, kabla ya nikaha. Nimeeleza sindano na nimeeleza mimba. Nakuamini."

Nikaichukua kwa mikono miwili.

Posa ilikuja mwaka huohuo aliorudi, 1973, kutoka kwa Bi Mosi, mama yake Seleman, watu wa biashara ya nguo, nyumba ya heshima. Seleman alikuwa kijana mtaratibu na habari za kovu alizijua, mji mzima ulizijua. Kilichobaki ni wanawake kuulizana yao. Bi Mosi alinijia nyumbani akakaa mkekani, akanywa kahawa, akasifu kofia zangu zote, kisha akasogea karibu.

"Dada Mwanamkasi, wewe ndiwe somo. Nakuuliza wewe, sitamuuliza mwingine. Mwari wako atazaa?"

"Atazaa," nilisema.

Sikudanganya. Daktari alisema anaweza kuzaa. Nilitoa nusu ya maneno yake, nusu nyingine ikabaki kwenye bahasha, na bahasha nikaitia chini ya kikapu cha kofia. Nilijiambia bibi harusi haingii nyumba ya watu na karatasi ya ugonjwa. Nilijiambia nitampa Seleman baadaye, wakishazoeana. Watu wazima tuna maneno mengi ya kujipoza.

Nilikuwa nampeleka Mina kwenye sindano kila mwezi, sikukosa. Alipoolewa, mwezi wa kwanza ukaangukia kwenye fungate, akakosa. Baadaye Bi Mosi akaniuliza kwa upole mbona mkwe wake mzima anakwenda zahanati kila mwezi kama mgonjwa, watu wanatazama. Nikajibu ni homa za zamani tu, si lazima sana. Si lazima sana! Ulimi huu. Sindano zikaishia hapo.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1974, wakamwita Husseni. Mina alichoka lakini alinyanyuka. Wa pili, mwaka wa 1976, alikuwa wa kike, na Mina akampa jina langu. Mwanamkasi mdogo. Nilimpakata mtoto yule nikajiona nimelipwa kwa kila kitu. Hakuna aliyekwenda kuuliza ruhusa kwa daktari. Nani angekwenda? Waliojua masharti ni mimi, Zaina na Mina. Zaina huniachia mimi mkubwa wake niseme, na Mina nilikwisha mfunda kwamba habari za mwili wake zina msemaji.

Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa wawili jikoni, miguu yake imeanza kuvimba kwa mimba ya tatu. "Mwanangu, unapumua vizuri?"

"Navuta tu, somo," alisema, akaendelea kukuna nazi.

Mtoto wa tatu alizaliwa miezi saba, hakulia. Mina alibaki kitandani, mito mitatu mgongoni kama zamani, midomo imekuwa na rangi ya zambarau. Siku ya kumzika mtoto nilirudi nyumbani, nikaitoa bahasha chini ya kikapu, nikampelekea Seleman barazani kwao. Miaka minne ilikuwa imepita. Karatasi ilikuwa na harufu ya wanga ninaotilia kofia.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Nilitaraji anitukane, na ningeshukuru.

"Bi Mwanamkasi," alisema, "mimi watoto wawili wangenitosha. Hata mmoja. Ungeniambia tu."

Aliikunja barua akaitia mfukoni na kuingia ndani. Tangu siku ile hajanisalimia.

Tulirudi kwa Daktari Msabaha mwanzoni mwa mwaka 1978. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Alimpima Mina, akasoma karatasi za Ulaya, akasoma na barua yake mwenyewe ambayo Seleman aliiweka mezani mbele yake. Kisha akanitazama. Akaivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

"Pete iko mahali pake," alisema hatimaye. "Walioishona walishona vizuri. Mbawa ndizo zilizochanika pembeni, na zilizosalia homa imezikakamaza. Hakuna tena cha kushona."

Seleman aliuliza, "Ina maana njia ile ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Wapo waliotiwa pete kabla ya mkeo, wamefika miaka saba na minane, wanafanya kazi zao. Walichoma sindano, hawakuzaa ovyo. Na wapo waliotiwa chuma mwaka ule aliotiwa yeye pete. Wengine wamekufa kwa damu kuganda, wengine wanapanda milima. Njia zote mbili zilikuwa njia."

Kama angesema pete ilikuwa kosa ningepona. Ningesema nilikosea kama watu wanavyokosea. Lakini nilichagua vizuri, kisha nikakiharibu nilichokichagua kwa mdomo uleule, na hilo ndilo linalonitafuna.

Daktari alifungua droo. Kizimba kilikuwa cha aina mpya kidogo, lakini gololi ilikuwa ileile. Alieleza upya, kwa maneno machache: vidonge, vipimo vya damu, hakuna kuzaa tena, na sauti. Safari hii hatari ya kufa mezani ni kubwa zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu kifua kimekwisha funguliwa mara moja na moyo umechoka. Asipopasuliwa, mwaka, pengine hata huo hatamaliza.

"Mina," alisema, "na safari hii nakuuliza wewe, na nitangoja. Unataka?"

Sote tulijua. Mwari kimya chake ni jibu, lakini mwanamke aliyekwisha olewa haozwi kwa kimya, lazima aseme kwa ulimi wake. Zaina alikuwa ameshika kanga yake kwa meno. Seleman alitazama dirishani. Mina alivuta pumzi, akavuta nyingine, ndipo akainua uso. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu mzima machoni namna ile.

"Muulize somo, daktari," alisema. "Moyo huu msemaji wake yule pale."

Macho yote yakanigeukia. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ndiyo, atiwe chuma, aishi. Nikamwona anakufa mezani kule ugenini kwa neno langu. Nilitaka kusema hapana, abaki kwetu. Nikamwona anakufa kitandani kwa neno langu. Mimi Mwanamkasi, ambaye mji mzima unaniita nikawasemee wanawari wao, sikupata hata neno moja. Nilitazama chini.

Daktari alingoja. Saa ya ukutani ilisikika.

"Amenyamaza," Mina alisema. "Kwetu akinyamaza si amekubali? Andika, daktari."

Alinyoosha mkono akakichukua kile kizimba mezani, akakifumbata. "Hata ile mara ya kwanza nilikishika, somo. Ukaninyang'anya."

"Ungesema, mwanangu," nilinong'ona. "Ungesema neno moja tu."

"Ulinifunda nisiseme. Nilikuwa sitaki mume wala mtoto wakati ule. Nilitaka kupanda ngazi."

Safari hii hakuna aliyemnyang'anya. Alikishika mpaka tulipotoka, daktari akamwacha nacho.

Alikwenda, na Mungu akamrudisha. Sasa anakaa Dar es Salaam na Seleman, karibu na hospitali, ili apimwe damu yake. Haruhusiwi kujikata hata kwa kisu cha kitunguu. Mkono ukigonga mlango unavimba na kuwa mweusi. Lakini anaishi, na ngazi anapanda. Mtoto wake wa kike haitwi tena Mwanamkasi. Walipohamia huko walianza kumwita Mize, na mimi nilijua hivyo kwa kusikia anavyoitwa aje ale, hakuna aliyeniambia. Sikuuliza sababu.

Kila Idi wanakuja Bagamoyo, na Mina ananijia. Adabu niliyomfunda hajaiacha. Anavua viatu mlangoni, anasema, "Shikamoo somo," nami naitikia, "Marahaba mwanangu." Anakaa kwenye mkeka wangu, mtoto ubavuni mwake. Namuuliza habari za safari, anasema nzuri. Ananiuliza habari za kofia, nasema nzuri. Baada ya hapo hatuna la kusema, na nyumba inakuwa kimya.

Idi iliyopita ilikuwa vivyo hivyo. Nilishika sindano nikajifanya nashona. Mize akanisogelea, akaniwekea mkono gotini.

"Bibi," alisema, "unamsikia mama?"

Tak, tak, tak.

"Namsikia," nilisema. Mina alikuwa akitazama ukutani.